Kuinama Bila Kupunguza Mwendo

Ninyi mnaokimbia na viatu hamwezi kujua sisi tulivyoanza. Siku yangu ya kwanza shuleni, hapa mlimani juu ya Boma la Arusha, enzi za Mjerumani, sikupewa kitabu. Nilipangwa mstarini. Bwana Mwalimu, Mjerumani mwenye kipyenga shingoni na kiboko mkononi, alitupigisha gwaride mpaka nyayo zikawaka moto. Kisha mbio. Sheria yake ilikuwa fupi: "Anayesimama njiani, nyumbani! Shule hapana!"

Babu naye alikuwa na sheria yake. Kwetu Waarusha, mtoto akikutana na mzee humwinamishia kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja. Ndiyo shikamoo yetu. Babu hakuipenda shule. Aliniruhusu kwa shingo upande, akaniambia, "Siku utakayonipita kichwa juu, utarudi kuchunga."

Mnaona nilivyobanwa. Siku ya mashindano nilikuwa naongoza, na pale kwenye kona ya migomba nani kasimama? Babu, amekuja kunitazama! Nikasimama, nikainama. Kiganja chake kikakawia kichwani, maana alifurahi mno. Wenzangu wote wakanipita, na jioni ile nikafukuzwa shule. Nililia kwa kwikwi.

Kesho yake Babu alinishika mkono, akanipeleka mpaka darasani kwa Bwana Mwalimu.

"Aliyemsimamisha ni mimi," akasema. "Kama kuna viboko, mgongo huu hapa." Akashusha shuka lake.

Darasa zima likasimama kutazama. Bwana Mwalimu aliutazama mgongo ule wa mzee, akakitupa kiboko mezani. "Mtoto, ingia. Wewe mzee, siku ya mbio usionekane!"

Babu alitii kwa namna yake. Kila siku ya mbio alijificha nyuma ya migomba, pindo la shuka likichungulia pembeni, naye akiamini kabisa kwamba haonekani. Nami nikifika pale niliinamisha kichwa bila kupunguza mwendo. Nilimpenda sana mzee yule.

Nikaja kuwa mwalimu wa michezo mwenyewe, na kipyenga nilikivaa mpaka nikastaafu, ila kiboko sikukigusa. Siku hizi shule ikinialika kwenye mashindano, siketi na wageni wa heshima. Nakwenda kwenye kona ile, nyuma ya migomba. Watoto wanajua nipo. Wakifika pale wanainama huku wakikimbia, na wageni hudhani wamechoka. Kiganja changu hunyanyuka chenyewe.