Mke Aliyeitwa Mfuaji wa Nguo Mbele ya Jaji

Austin, mdogo wa mume wangu, alisema uongo kortini ili apewe mume wangu na shamba letu. Alisema mimi si mke wa Meitamei, ni mama wa kufua nguo. Nilikuwa nimeishi na Meitamei miaka kumi na tisa.

Mwaka wa 2001 lori lilimgonga Meitamei hapa Kitengela. Alirudi nyumbani hai, lakini akili haikurudi yote. Nilimlisha uji kwa kijiko na kumgeuza kitandani asipate vidonda. Kisha wanunuzi wa mashamba wakaanza kuja, na Austin akaenda kortini kuomba awe msimamizi wa ndugu yake na mali yake. Nami nikaomba. Jaji akasema mgonjwa aletwe amwone.

Mkalimani alimuuliza kwa Kimaasai, pole pole, “Jane ni nani kwako?”

Meitamei alifikiri sana. “Simjui huyo.”

Kwetu mume hamwiti mkewe kwa jina. Jane ni jina langu la kanisani na la kitambulisho. Meitamei aliniita Ng'oto Rachel, mama wa Rachel, na hata baada ya surua kumchukua mtoto wetu huyo wa pekee, jina lilibaki.

Nikasimama. “Mheshimiwa, aulizwe Ng'oto Rachel ni nani.”

“Keti, mama,” karani akasema. “Zamu yako itafika.”

Jaji akamuuliza Austin kama ananijua. Nilimkazia macho.

“Alikuwa anamfulia ndugu yangu,” akajibu, wala hakunitazama.

Zamu yangu ilipofika hakuna aliyerudi kwenye jina hilo; niliulizwa cheti cha ndoa. Nikasema ng'ombe wanane walitolewa.

“Shahidi wako ni nani?”

Nikamnyooshea Austin kidole. Ndiye aliyewaswaga ng'ombe hao hadi kwa baba yangu. Watu wakacheka. Sikuwa nimeleta mzee yeyote, kwa sababu sikudhani mtu anaweza kukana mahari aliyoiswaga kwa fimbo yake mwenyewe.

Austin akapewa usimamizi. Huko nje akanikuta nimeshika mkono wa Meitamei, naye Meitamei ameushika wangu.

“Ng'oto Rachel, muache sasa. Gari linangoja.”

“Kumbe unanijua?”

“Huku nje nakujua.”

Wakili wake, Muthama, akainama kutafuta kitu mkobani. Austin akatufungua vidole kimoja kimoja.

Shamba liliuzwa mwaka uliofuata. Meitamei amewekwa kwenye chumba cha nyuma kwa Austin, huko Kiserian. Nimefika kwenye geti lile mara sita na sijafunguliwa. Jirani wa hapo ameniambia mgongo wa Meitamei umeoza kwa vidonda.

Wakili mwingine amenieleza kwamba shamba ni vigumu kurudi. Sawa. Austin bado anadaiwa kusimama mbele ya jaji aseme mimi ni mke wa ndugu yake. Yeye hanidai kitu. Mimi ndiye ninayemdai anirudishie Meitamei, akiwa bado anapumua.