Diodi Iliyopikwa Juu ya Moshi

Redio yangu niliinunua mwaka wa uhuru, nikaivika mfuko wa ngozi na kutembea nayo Kasenga nzima kama mtu aliyechaguliwa kuwa waziri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nakiri kwamba nilikuwa na majivuno. Miaka minne baadaye, waasi walipoingia mjini, kuwa na redio kukawa hatari. Wenye bunduki wa upande huu waliichukua, na wa upande ule wakikukuta nayo walikuuliza ulikuwa unamsikiliza nani. Kila mtu aliificha ya kwake alipoweza. Mimi niliiweka jikoni, juu kabisa kwenye utara wa kukaushia samaki kwa moshi, nikaifunika kwa samaki wa mukeke waliokwisha kukauka. Nilijiona mjanja sana.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Wanaume tulikuwa tunazuiwa ufukweni, lakini wanawake bado waliweza kupenya, basi tukaamua avuke ziwa kwenda Burundi. Alitembea na mama yake hadi Makobola, ambako mjomba wa mke wangu alikuwa na mtumbwi. Mama mkwe nilimwomba abaki, maana kifua chake kilikuwa kibovu. Alinijibu kupitia kwa mke wangu, kwa sababu kwa heshima ya kwetu hakusema na mimi uso kwa uso: mtoto wa kwanza wa binti yake hatazaliwa mikononi mwa watu wasiomjua. Wakaondoka wawili, na mtungi wa maji, na kitenge kimoja cha kumpokelea mtoto.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba wakifika watatuma habari kwenye redio ya ng'ambo. Kila siku saa saba mchana redio ile ilisoma salamu za waliovuka, bila majina, kwa sababu majina yaliweza kuwaponza waliobaki. Siku ya tatu, asubuhi, niliteremsha redio yangu kutoka kwenye utara, nikafunga mlango, nikaiwasha. Ilivuma tu. Hakuna sauti ya mtu, hakuna muziki, ni mvumo kama wa mvua ya mbali. Nilizungusha kila kitufe. Niliipiga kofi. Nilitukana. Kisha nikaifunga kwenye shuka na kwenda kwa shemeji yangu.

Huyu alikuwa kaka wa mke wangu. Aliishi jirani na bandari ya Kalundu, na ufundi wake aliupata kwa kumsaidia Mzungu mmoja aliyetengeneza redio za meli. Wakati wa uhuru Mzungu aliondoka haraka, akamwachia sanduku la vyombo. Shule alikuwa amesoma miaka minne tu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namkumbusha jambo hilo mara kwa mara kwa jina la utani. Siku hiyo sikuwa na utani mdomoni.

"Ilianguka," nilimwambia. Nilidanganya kwa sababu niliona haya. Yeye alikuwa amenionya kwamba redio haipendi joto.

Alifungua mgongo wa redio, akainusa, akanitazama kidogo, akaendelea. Aligusa kwa ncha ya bisibisi mahali fulani karibu na kitufe cha sauti, na kipaza sauti kikakoroma.

"Unasikia? Huku mbele yote iko muzima," alisema. "Sauti haifike tu. Tutatafuta pale inapitia."

Mimi ningeanza kung'oa kila kitu. Yeye alikaa akaitazama ile redio muda mrefu sana, mikono magotini, hata nikahisi hasira zinanipanda. Dada yake yuko ziwani au yuko ng'ambo au hayuko kabisa, na huyu anatazama nyaya! Leo naelewa kwamba alikuwa anaisoma, na kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kukisoma kitu kwa umakini ule.

Alikwaruza alama ndogo kwa sindano ili asisahau upande, kisha akanyanyua mguu mmoja wa kitu kidogo cha kioo, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mguu wa waya kila upande. Hiyo ndiyo diodi. Nilimwuliza kazi yake.

"Iko kama mugono," alisema. Mgono ni ule mtego wa samaki wenye mdomo unaoingilika lakini hautokeki. "Umeme unaingia upande moja, kurudi haiwezi. Ikianza kuruhusu pande zote mbili, posti, hii redio, haiwezi tena kutoa sauti ya muntu mu mawimbi."

Kipimo cha mshale hakuwa nacho, kilikuwa kimechukuliwa na wenye bunduki. Alikuwa na betri moja ya tochi na kisikilizio cha sikioni kutoka meli fulani. Aliunganisha betri, diodi na kisikilizio kwenye mstari mmoja, akanipa nisikilize. Alipogusisha waya, nilisikia "ka!" Akabadilishana nyaya pande, akagusisha tena. "Ka!" ile ile.

"Nzima inalia upande moja, upande ingine inanyamaza," alisema. "Hii inalia pande zote. Shemeki, hii haikuanguka. Hii imepikwa."

Nilitazama chini. Nikamweleza habari ya utara na samaki.

"Minye nilijua tangu harufu," alisema, akacheka, na kicheko kile kilinisamehe bila maneno mengine. "Weye uko mwalimu mukubwa, unakausha redio sawa mukeke."

Duka la kuuza diodi halikuwepo tena popote. Alimwaga mezani mabaki ya redio zilizokufa, na humo tukapata diodi tatu. Ya kwanza haikulia upande wowote: imekatika ndani. Ya pili ililia pande zote, kama yangu. Ya tatu ililia upande mmoja kwa nguvu, na upande wa pili nilisikia pumzi yangu tu. Alirudia kuipima mara nne. Kisha akaiweka juu ya kitambaa na kuniambia nisiongee, kwa sababu moto uleule ulioua ile yangu ungeweza kuiua hii wakati wa kuichomelea, na nyingine haipo.

Chuma chake cha kuchomelea alikipasha kwenye jiko la makaa. Alishika mguu wa diodi kwa kibanio kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, ili joto liishie pale lisifike kwenye kioo. Akahesabu kwa sauti: "Moja. Mbili." Akaondoa chuma. Akasubiri ipoe, akaja mguu wa pili. Habari za mama yake na dada yake zilikuwa kwenye ncha ya chuma kile. Mimi nilikuwa nimelowa jasho kwa kutazama tu.

Redio iliongea. Mtu alikuwa anasoma habari za soko kwa Kirundi, na sisi wawili tulikumbatiana kama watoto.

Tulisikiliza saa saba ya siku hiyo, na ya siku mbili zilizofuata, bila kitu. Siku ya nne tulikuwa tumekaa kwake, vichwa vimeinama juu ya kipaza, msomaji akasema:

"Mwalimu wa Kasenga, mwenye shemeji fundi wa Kalundu, anajulishwa kwamba mke wake amejifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Mama mzazi wa mke huyo alifariki siku ya pili baada ya kuvuka, na amezikwa na ndugu."

Kisha akaendelea na salamu za watu wengine.

Sikuweza kuinua uso. Nilikuwa nimefurahi, na niliona aibu kufurahi mbele ya mtu aliyefiwa na mama yake. Shemeji yangu alinyoosha mkono, akazima redio polepole ili asichoshe betri, akafunga kifungo cha ule mfuko wa ngozi wa redio. Halafu alinigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pongezi, shemeki," alisema. "Uko baba."

Alingoja hadi nilipomjibu aksanti. Ndipo akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kumlilia mama yake.