Ukuta wa Chuo na Fundi Adongo

Chuo kikuu kilipokuja Jiweni, mtaa uliong'ang'ania kilima cha mawe juu ya ziwa, wakazi waliambiwa neema imefika. Adongo alikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Alikuwa fundi cherehani, mjane aliyekuja Mwanza kutoka Shirati akiwa bibi harusi, akabaki Mwanza akiwa na cherehani, watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, na ulimi ambao hakuna mchungaji aliyewahi kuufuga.

Neema ilipofika, kitu cha kwanza ilichofanya ni kujenga ukuta.

Na ukuta wenyewe haukuwa wa mchezo. Ulikatiza mbele ya banda la Adongo, mrefu, umepandwa vipande vya chupa juu kama keki ya harusi ya wachawi. Tangu siku hiyo, mama aliyekuwa akishona huku akitazama ziwa akawa anashona huku akitazama saruji. Geti likawekwa upande wa pili kabisa, kwenye lami, ili magari ya wakubwa yasipate taabu. Mwanafunzi aliyetaka kupunguziwa suruali ilimbidi auzunguke mlima mzima, na wengi wao waliona heri kupanda gari wakashonewe mjini. Elimu ni bahari, walisema wahenga. Hawakusema kwamba bahari hiyo itazungushiwa uzio wasije wakaingia watu wenye kiu.

Baada ya miaka kadhaa chuo kiligundua, kwa utafiti wa kina, kwamba jirani zake ni maskini. Kikaanzisha Kitengo cha Chuo na Jamii, na Dokta Chenge akapewa kukiongoza. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu visivyojua vumbi, aliyeamini kwa dhati kwamba hakuna tatizo duniani linaloweza kustahimili warsha.

Wakazi wakaalikwa. Wakazunguka mlima wakafika ukumbini wakihema, wakapewa maji ya chupa na sambusa, wakaombwa wataje changamoto zao. Adongo akanyoosha mkono.

"Dokta, sisi tunaomba mlango. Hapo kwenye ukuta. Watoto watoke waje kula na kushonewa, na sisi tupite twende ziwani."

"Asante sana, mama. Mchango mzuri sana." Dokta Chenge akageukia ubao akaandika: *Muunganiko wa Kimfumo*.

Warsha iliyofuata, Adongo akasema tena mlango. Ubaoni ikaandikwa *Ufikikaji Jumuishi*. Safari nyingine akaamua kusema kwa sauti kubwa zaidi, maana labda mwalimu alikuwa na tatizo la masikio: "Mlango! Mbao, bawaba, kitasa!" Watu wakacheka, Dokta akacheka pia, na mwisho wa siku kila mdau akapewa fulana iliyoandikwa JIWENI MPYA. Ya Adongo ilimtosha yeye na jirani yake kwa pamoja. Akaifumua akashonea foronya.

Ikawa hivyo mpaka zilipokuja mvua za mwaka ule. Kilima cha mawe hakinywi maji. Maji yote huteremka, na kabla ya chuo yalikuwa yakiteremka mpaka ziwani bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa yakakuta ukuta. Yakajaa, yakasubiri kama wakazi walivyosubiri, ila maji hayana subira ya mkazi. Jumapili moja asubuhi, Adongo akiwa kanisani, ukuta ukalala chali, na banda lake likaufuata.

Alirudi akakuta nguzo zimesimama bila paa. Cherehani haikuwapo. Akachungulia kwenye tundu kubwa lililobaki, akaiona kule chini, imejibwaga katikati ya maua ya chuo. Cherehani yake ilikuwa imepata udahili kabla yake.

Mama yule alikaa juu ya jiwe akalia. Cherehani ile ndiyo iliyosomesha watoto, ndiyo iliyomzika mume.

Wanafunzi walimwona. Msichana mmoja, Winnie, akavua viatu akaingia matopeni, wenzake wakamfuata, wakaibeba cherehani mpaka kwenye ukingo wa ukuta ulioanguka. Wakaifuta, wakaitia mafuta. Ilipozunguka tena ikatoa mlio kama mbuzi mwenye mafua, lakini ilizunguka.

"Mama, basi nishonee hii," Winnie akasema, akionyesha sketi iliyopasuka kwa kazi ile.

Adongo akashona pale pale, juu ya vifusi. Kesho yake wakaja wengine. Kumbe chuo kizima kilikuwa kinatembea na zipu mbovu. Ngosha, jirani yake mkaanga samaki, alipoona foleni akateremsha karai lake, na harufu ya sato ikaingia madarasani bila kitambulisho. Wiki haikuisha, pale palipoanguka pakawa mtaa.

Basi akaja Antoni, msimamizi wa majengo ya chuo, na lori la matofali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba utupishe. Tunajenga ukuta."

"Jengeni tu. Mimi nashona."

"Lakini mama, umekaa juu ya msingi."

"Ndiyo, nimeuona. Imara sana. Ungekuwa na ukuta juu yake ungependeza."

Antoni akakuna kichwa. Angeweza kuita walinzi, lakini walinzi walikuwa kwa Ngosha, wanasubiri ugali. Akasema atawasiliana na wakubwa, akanunua sato wawili, akaondoka. Matofali yakabaki, na wanafunzi wakayafanya viti.

Wakubwa walikuwa na shughuli: kongamano. Vyuo vya nchi jirani vilikuwa vinakuja kujadili jinsi chuo kikuu kinavyoweza kuhuisha mitaa inayokizunguka. Dokta Chenge alikusudia kuwatembeza wageni kwenye bustani mpya, lakini mwanamke mmoja kutoka Kampala, Profesa Jasmin, akafuata harufu ya samaki, na wenzake wakamfuata yeye. Wakatokea kwenye tundu.

"Hii ni ajabu!" akasema, akitazama foleni, makarai, matofali na vijana wanaocheka na wazee wa mtaa. "Nani alibuni jambo hili?"

Dokta Chenge hakupepesa macho. "Haya ni matunda ya ushirikishwaji wa muda mrefu."

Mguu wa Adongo ukasimama kwenye kanyagio. Maneno aliyokuwa nayo yangemfukuzisha kanisani. Akayameza, akachagua mengine.

"Ni kweli, Profesa," akasema. "Tulishirikishwa na mvua."

Ngosha akaangua kicheko. Profesa Jasmin akatazama matofali. "Na haya ni ya nini? Mnajenga tena ukuta?"

Wote wakamgeukia Dokta Chenge. Akapaliwa na mate. "La hasha! Hapa panajengwa... geti la jamii."

"Lini?" Adongo akauliza.

"Karibuni, mama."

"Karibuni ni lini, Dokta? Wageni wanasikiliza."

Akakohoa. "Mwezi ujao."

Na aibu ni fundi kuliko mafundi wote: geti likajengwa. Utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa, na mvua haikutajwa hata kwenye shukrani. Tangu hapo mtaa ulibadilika kweli, bila utani. Vyumba vilijaa wapangaji wanafunzi. Wanafunzi wa uuguzi wakawa wanapima presha za wazee kila Jumamosi. Vijana wa uhandisi walichimba mfereji pamoja na wakazi, maji yakarudi kwenda ziwani kwa heshima. Majoho ya mahafali, yaliyokuwa yakiagizwa mbali, yakapewa mafundi wa Jiweni, na Adongo akamchukua binti wa jirani, Selina, amfundishe kazi. Kodi nazo zikapanda, na baadhi ya waliopiga vigelegele mwanzoni wakahamia mbali zaidi, wakaisome neema kutoka huko.

Dokta Chenge alipandishwa cheo, akanenepa. Siku moja alifika na suruali ya suti, akaomba iongezwe kiunoni haraka, ana kikao cha wadau.

Adongo aliipokea, akaikagua mshono, akaiweka chini kabisa ya rundo.

"Mchango mzuri sana, Dokta," akasema. "Kaa hapo kwenye benchi, baada ya hao vijana."

Akakaa.