Vigelegele Dirishani

Mzee wangu alikuwa mwigizaji. Nasema wangu kwa sababu katika ile nyumba ya kutunzia wazee, pembeni mwa Bankstown, Sydney, mimi ndiye niliyemwogesha na kumkata kucha. Ukutani kwake palikuwa na picha mbili: moja amevaa taji la mfalme jukwaani Athens, nyingine kofia ya polisi mjinga katika sinema ya kuchekesha. Alipohamia Sydney aliuza samaki wa kukaanga mchana, jioni akaigiza kwenye ukumbi wa kanisa mbele ya Wagiriki wenzake. Hayo nilielezwa na binti yake. Mzee mwenyewe nilimkuta maneno yameshaanza kumkimbia.

Ikaja Korona. Wageni wakapigwa marufuku, na sisi wahudumu tukabaki macho tu juu ya barakoa. Mzee akatuogopa. Akafunga mdomo kabisa, na kula kukawa kwa kubembelezwa. Binti alikuja kila Jumapili akasimama kwenye nyasi, nje ya dirisha, baba yake akatazama pembeni. Mwanamke mzima, analia na simu sikioni: "Mwambie aseme chochote. Hata anitukane."

Mimi nina kiherehere, mama yangu alishasema. Jumapili moja nikamvalisha mzee koti lake jeusi, nikamwelekeza dirishani, simu nikaiweka spika, halafu nikalivuta pazia kwa mbwembwe. Akasimama. Akashika ukingo wa kitanda, akaanza kuigiza. Kigiriki sijui hata salamu, lakini mwili ulinisisimka. Kule nje binti aliinama, uso viganjani, mabega yakimtikisika.

Mzee akamaliza. Sikufikiri. Kwetu Tanga mtu akifanya la kufurahisha haachwi hivihivi, ukimnyamazia umemnunia. Nikashusha barakoa, nikapiga vigelegele vya haja, hatua moja tu kutoka usoni pake. Alicheka! Akaweka mkono kifuani, akainama kama yuko mbele ya ukumbi uliojaa.

Muuguzi wetu, Mkenya, akachungulia mlangoni. "Wewe! Mask! Supervisor akikupata hivyo ni incident report, na mimi simo."

Nikaipandisha. Jumanne koo likaniwasha. Jumatano kipimo kikasema ninao. Ijumaa, nikiwa nimejifungia chumbani, muuguzi akapiga simu: mzee naye anao. Nililala sakafuni nikamwomba Mungu, nikamwahidi mambo ambayo mpaka leo sijayatimiza. Mzee hakumaliza wiki mbili.

Labda aliupata kwingine. Wengi waliugua mle ndani, na muuguzi amenirudishia neno hilo mara nyingi. Namshukuru, lakini siliamini.

Mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Nilikuwa nimeshapona, na binti akaniomba niwe mmoja wao. Tulisimama kaburini, kila mtu na barakoa yake, naye akanishika mkono.

"Ile sauti uliyompigia siku ile," aliniambia. "Sijawahi kumsikia baba akicheka vile tangu augue. Tafadhali, mpigie mara ya mwisho."

Nikamjibu harakaharaka, nikitafuta pa kujificha: "Siwezi, dada. Ukivaa barakoa vigelegele havitoki."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanitazama mdomoni, pale kitambaa kilipo, akatazama muda mrefu. Halafu akauachia mkono wangu.