Kopo la Risasi Juu ya Moto

Siku mume wangu alipotuambia kwamba ameachiwa bunduki, nilikuwa na mkasi mkononi, nikakata kitambaa cha mteja pasipopaswa kukatwa. Kwa hiyo bunduki ile haijafika nyumbani ikawa tayari imeshaniharibia kitu.

Ilikuwa ya mjomba wake wa Isangi. Mzee alikuwa mwindaji maisha yake yote, sasa macho yamemkataa, akasema bunduki imwendee mpwa wake mwenye shamba la mihogo huko mbele ya Bangboka, nje ya mji, ambako nguruwe mwitu wanachimba usiku kama watu waliolipwa. Karatasi za ruhusa zilichukua miezi. Nilifurahi kila zilipocheleweshwa, na sikumwambia mtu.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alishona kanzu na kofia, na kwetu chombo cha hatari kuliko vyote kilikuwa pasi ya mkaa. Nasema wazi kwamba niliogopa, na nilijua ninachoogopa. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na kila alichokiona alikifuata mpaka akishike. Ningeweza kuishi na nguruwe wanaokula mihogo yetu yote, lakini siku binti yangu akigusa kile chuma, mimi ningekuwa nimekwisha.

Mume wangu alicheka. “Weye unaogopa hata sindano yako.”

“Kwa mwoga huenda kicheko,” nikamjibu, “kwa shujaa huenda kilio. Cheka tu.”

Kazini kwake kuna mtu alimshauri aiache ile bunduki nzito ya mjomba pamoja na karatasi zake, achukue pupu, ile bunduki ya kienyeji inayofuliwa na mafundi wa chuma kwa bomba lolote wanaloliokota. Ni nyepesi, alisema, na haiulizwi maswali. Kabla ya kuamua, mume wangu aliichukua bunduki ya mjomba, akaenda kumwuliza jirani yetu mmoja tunayemwita tonton, yaani mjomba, mwindaji mstaafu anayekaa upande wa mto Tshopo. Nikamfuata na mtoto mgongoni. Mambo ya kutisha napenda kuyasikia mwenyewe, nisisimuliwe.

Tonton aliinua mkono wake wa kushoto, ambao hauna vidole viwili.

“Hii mukono ilishika pupu,” akasema. “Pupu haijue mbele wala nyuma. Inaweza kuua nyama, inaweza kuua weye, yote kwake iko sawa. Kamata douze ya tonton yako. Iko nzito, lakini inajua kwenye inaangalia.”

Akaikunja katikati hiyo douze, yaani bunduki ya mjomba, ikafunguka, akaielekeza mitutu yake miwili mbinguni, akachungulia ndani kwa jicho moja kama mtu anayetazama chupa imebaki nini. Kisha akampa mume wangu mashauri, naye akayasikiliza kama mwanafunzi, jambo ambalo kwangu halifanyi. Usimwamini mtu anayekuambia haina kitu, hata ukiwa ni wewe mwenyewe, ifungue uone. Bunduki na risasi zake zisilale chumba kimoja. Kila moja iwe na kufuli lake, na mtoto asijue vinakaa wapi.

“Alors, kitu ya mwisho,” akasema. “Kartushi haipende maji. Ikinywa maji inavimba, inakataa kuingia. Ao inaingia, unapiga, inanyamaza. Iache ikae kavu.”

Kartushi ndizo risasi za bunduki ile, nene kama kidole gumba cha mwanamume, ganda jekundu la plastiki na kitako cha shaba. Jioni, tukiwa tunakula pondu, majani ya mihogo, mume wangu alimsimulia mama yake yote hayo. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu kutoka Isangi baada ya kuwa mjane. Aliacha kula. Akauliza jambo moja tu.

“Anasema ikae kavu?”

“Ee, mama. Kavu kabisa.”

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na tonge lake.

Lazima niwaeleze moto wa mama mkwe, la sivyo hamtaelewa. Nyuma ya nyumba, chini ya mabati, alijenga uchaga wake wa miti juu ya mafiga, yeye akiuita motalaka, na hapo alikausha samaki wa kuuza. Lakini samaki walikuwa wapangaji tu. Kwa watu wa mtoni, kila kinachoogopa unyevu hupanda juu ya moshi: chumvi, viberiti, mbegu za mahindi. Hata cheti chake cha ubatizo kilikaa pale ndani ya mfuko, cheusi kuliko dhambi zenyewe. Na kwetu unyevu si hadithi. Msimu wa mvua viatu vinaota ukungu ukiwa bado unavitafuta. Moto ule ulikuwa wake peke yake. Sikusogeza hata ukuni bila kuomba, na nilijua kwamba kwa watu wa kwao kumwagia maji moto wa mtu ni kumwambia afungashe virago.

Kartushi mume wangu aliziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati chumbani kwetu, akisubiri kununua kufuli. Bunduki ilikuwa stoo. Kila alipotoka kwenda kazini nilipanda kiti nikalitazama lile kopo. Sikuligusa. Nilitaka tu kujua kwamba lipo, kama mtu anayejua kuna nyoka chumbani na afadhali amwone.

Asubuhi moja alilishusha, akalalamika mbele yetu sote kwamba shaba imeanza kufanya kutu ya kijani, na kesho ndiyo siku ya kwenda shamba, maana nguruwe wameingia tena. Akalirudisha, akaenda kazini. Mvua ikanyesha mpaka adhuhuri. Ilipokatika nilipanda kiti changu.

Kopo halikuwepo.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilitazama chini ya kitanda, nyuma ya cherehani, ndani ya ndoo ya nguo chafu, huku nikimwita binti yangu kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Kisha nikamsikia akicheka nyuma ya nyumba.

Alikuwa amekaa katikati ya miguu ya bibi yake, mbele ya moto, akitafuna kipande cha samaki. Juu yao, kati ya kambare wawili, lilikuwa kopo la maziwa, picha yake ya ng'ombe imeshakuwa nyeusi nusu. Mafuta ya samaki yalidondoka motoni, na kila yalipodondoka ulimi wa moto uliruka ukalilamba kopo.

“Mama,” nikasema polepole, “ile kopo iko na nini?”

“Iko na masasi ya mutoto yangu. Inakauka.” Alilisema hilo kama mtu anayezungumzia dagaa.

Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa kwamba kelele zenyewe zitalipua. Najua ni upumbavu, lakini hofu haina shule. Nikasema, “Nipe mutoto.”

“Muache, anakula.”

Nikampokonya. Nikamkimbiza nyuma ya ukuta wa nyumba, nikamketisha chini analia, na samaki wake mkononi. Ningeweza kubaki pale. Binti yangu alikuwa salama, na nakiri kwamba kwa pumzi moja niliona hiyo inatosha. Lakini yule mama alikuwa bado amekaa palepale, na nilipochungulia nikamwona anainuka ili ageuze kambare, uso wake karibu kabisa na kopo.

“Mama, toka hapo!”

Sikuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wangu. Aligeuka kunishangaa, lakini hakutoka. Chini ya mchirizi wa bati kulikuwa na ndoo iliyojaa maji ya mvua. Niliibeba yote nikaimwaga motoni.

Moshi, majivu na mvuke vilituruka usoni. Ukuni mmoja uliusukuma uchaga, samaki wakaanguka, kopo likaanguka, kifuniko kikafunguka, na kartushi nyekundu zikatawanyika ndani ya tope jeusi. Nilijitupa chini, nikafumba macho na kuziba masikio. Nilingoja. Hakikulia kitu. Makaa tu yalikuwa yakilia chwaa kwa maji.

Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa amepiga magoti topeni, anaziokota kartushi moja moja na kuzifuta kwa kikwembe chake cha kiunoni, machozi yanamtiririka. Nikadhani analilia moto wake. Nikafungua mdomo niombe radhi.

“Umezitia maji,” akasema. “Umeua mutoto yangu.”

“Mama?”

“Baba yake pirogue yao ilikunywa maji mutoni, masasi ikalowa. Nguruwe ilikuwa na kidonda, ikamukuyia mbio. Akapiga, masasi ikanyamaza. Akapiga ya pili, ikanyamaza. Benye walikuwa naye walisikia ile chuma tu, ta, ta. Kisha wakasikia yeye.”

Nilijua baba mkwe aliuawa na nguruwe. Sote tulijua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bunduki yake ilinyamaza. Na kesho mtoto wa mtu yuleyule alikuwa anakwenda kukutana na wanyama walewale, na yeye mama yake alikuwa amefanya kitu pekee anachojua kinachokausha.

Nikamshika mikono, na kartushi zake ndani. “Mama, moto unazipasua. Zingewapasukia usoni, weye na mutoto.”

Alinitazama. Akautazama uchaga, kisha ukuta ambao nyuma yake binti yangu alikuwa bado analia. Nikaiona hofu inamfikia, imechelewa. Aliketi palepale topeni, nami nikaketi naye kwa sababu miguu yangu haikuwa na kazi nyingine.

Jioni tonton alikuja akazitazama. “Imepikwa, na imekunywa maji,” akasema. “Hakuna ya kuamini hata moja.” Alizichukua zote azipeleke kwa wenye kazi ya silaha. Safari ya shamba ikaahirishwa. Akatuonyesha namna ya kuzitunza mpya: chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, mchele uliokaangwa ukakauka na kupozwa, ukafungwa ndani ya kitambaa ili unyonye unyevu, vyote ndani ya sanduku la kufuli, mbali na moto na mbali na jua. Kitambaa nilikishona mimi. Ufunguo wa sanduku anavaa mama mkwe shingoni, pamoja na msalaba wake. Wa bunduki anao mume wangu. Nikasema nyumba yetu sasa ina funguo nyingi kuliko gereza, na hakuna aliyecheka. Asubuhi yake niliwasha moto wa mama mkwe kwa mkono wangu, kwa ruhusa yake.

Kartushi mpya zilipopatikana, ile siku ya shamba ikafika. Mama mkwe alifungua sanduku. Alitoa kartushi moja, akaipapasa, akanipa. Nami nikaipapasa, nikaibonyeza ganda, nikaifuta tena ingawa ilikuwa kavu, nikamkabidhi mume wangu. Tulifanya hivyo mpaka zikaisha. Yeye alizipokea bila mzaha wowote.

Alipotoka, mimi na mama yake tulibaki mlangoni. Shamba liko mbali, hatuwezi kusikia kitu kutoka huko, lakini tulisikiliza. Tangu bunduki ile iingie nyumbani kwangu nilikuwa namwomba Mungu kila siku isilie. Asubuhi ile, mkono wa mama mkwe ukiwa ndani ya wangu, nilimwomba ilie.