Bibi Mbele ya Maji ya Mughsayl

Enzi zetu, wenzangu mtakumbuka, kamera ilitiwa filamu na filamu ilikuwa na mwisho wake. Hatukuwa kama vijana wa leo, wanaopiga picha sahani ya biriani mpaka ikapoa. Filamu yetu karibu yote ilimalizikia kwenye harusi ya shangazi, ikabaki picha moja tu, na Baba akaapa kuwa hiyo ni ya Bibi, mama yake. Bibi hakuwa na picha hata moja. Za ujana wake zilibaki Unguja, na hapa Maskati kila akiombwa alijibu, "Uzee huu nnamwonyesha nani?"

Tulipokwenda Salala msimu wa mvua, akakubali. Huko Mughsayl kuna matundu kwenye mwamba wa pwani. Wimbi likipiga chini, maji hufyatuka juu kuliko nyumba. Kabla hatujatoka Bibi alipaka wanja na kujifukiza udi. Baba akamtania, "Mama, picha hainukii." "Wewe piga tu," akasema.

Basi akasimama, tundu liko nyuma yake, shingo kaikaza kama bibi harusi. Baba kafumba jicho moja. Tukasubiri. Chini ya mwamba maji yakaanza kunguruma, na papo hapo jirani yetu mmoja wa Matrah kule Maskati, naye kaja kutembea, akapita nyuma yake: "Assalamu alaykum, Bibi!"

Salamu kwa Bibi haikuwa kitu cha kungoja. Akageuka mzima mzima. "Wa alaykumu ssalaam, mwanangu! Hujambo? Watoto? Mama yako mguu umepoa?" Hajafika kwa wajomba, maji yakaruka, Baba akabonyeza.

Tuliporudi Maskati, studio ya picha ya Hamriya ilitungojesha wiki nzima. Picha ikatoka safi: maji meupe yamesimama wima, na mbele yake kisogo cha Bibi. Baba alinuna. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nisimjibu mtu kwa ajili ya maji?" Akaahidi kurudi msimu ujao, lakini msimu ujao haukumkuta.

Leo hapa kwangu Bawshar, watoto wamejaza simu nyuso zao wenyewe, midomo wameibinua, na mgeni akitoa salamu wanaitikia bila kuinua kichwa. Ile picha nimeitundika sebuleni. Wageni huyasifu maji. Mimi sura ya Bibi imeanza kunitoka, na inaniuma. Kila nikipita pale husema kimoyomoyo: Bibi, hebu geuka nikuone.