Jina Tulilolipaka Ukutani kwa Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuandika majina ya njia, muda si mrefu baada ya Mapinduzi, nilivaa suruali iliyopigwa pasi hata nzi angeteleza. Mfukoni nina cheti cha masomo ya jioni, najiona nusu profesa. Mpimaji Mkuu hakukitazama. Alinipa ndoo ya rangi na kigezo, yaani bati lililokatwa herufi, akasema:

"Kijana, usimuulize mtu njia hii inaitwaje. Atakupa jina la kuipendeza Serikali. Jifanye umepotea, uulize njia. Atakalotamka ndilo tutakaloandika."

Basi nikaajiriwa kupotea! Nilipotea Jang'ombe, nikapotea Nungwi, kisha nikaletwa Mji Mkongwe, ambako hakuna haja ya kujifanya.

Huko kila niliyemuuliza njia ya sokoni alinijibu, "Pita Kwa Bi Kelele." Mwenyewe, Bi Zuwena, aliposikia kuwa tutalipaka jina hilo ukutani kwake, alinidaka mkono.

"Mwanangu, mjukuu wangu kaposwa. Wakwe wanakuja Ijumaa kutoka Makunduchi. Wasome nini hapa? Andika Mkomamanga, si mti huo uani?"

"Bi mkubwa, sisi tunaandika wanavyosema watu."

"Kumbe! Basi watasema."

Tangu siku ile alihamia dirishani, asubuhi mpaka magharibi. Aliyetamka Bi Kelele alikiona.

"Wee Sudi! Umesema kwa nani? Rejea useme vizuri!"

Sauti ile ilifika Matemwe, samaki wakahama.

Alhamisi Mpimaji Mkuu akaja mwenyewe kuhakikisha. Akamuuliza muuza kahawa njia ya sokoni. Yule bwana akatupa jicho dirishani.

"Pita Mkomamanga."

"Sema tena, mgeni hakusikia!" Bi Zuwena akanguruma.

"Mkomamanga, bibi wee! Mkomamanga!"

Mpimaji Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. "Watu wameshasema. Paka."

Nilipaka Ijumaa asubuhi, juu ya baraza. Wakwe wakafika rangi bado mbichi. Mjomba wa bwana harusi akakaa barazani, akaegemea. Alipoinuka, kanzu yake nyeupe ilibeba Mkomamanga mzima mgongoni! Bi Zuwena akakosa sauti, mara ya kwanza tangu azaliwe. Mimi nikajua nshavunja posa.

Mzee akageuza shingo, akajitazama, akaangua kicheko. "Basi sasa hatupotei tukija kumchukua bibi harusi!"

Nimestaafu, na maandishi yangu mengi yamefutika. Lakini vijana mkiniuliza kazi yangu ilifika wapi, nitakwambieni: ilifika Makunduchi, mgongoni mwa kanzu.